Aliyeacha Unga Kila Kata

Nchi ninayoisimulia ipo, lakini usiitafute kwenye ramani. Siku walipochora ramani sisi tulikuwa kwenye semina.

Mimi ni mshereheshaji wa shughuli za serikali katika Kata ya Kiwambo. Serikali ikizindua kitu, mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti na kuwaambia watu wapige makofi. Nimesherehesha uzinduzi wa vyoo, uzinduzi wa kampeni ya kunawa mikono baada ya vyoo, na uzinduzi wa maji ya kunawia, ambayo bado tunayasubiri. Nimechoka, sifichi. Lakini sauti bado ninayo, na mtu mwenye sauti katika nchi yetu haachwi apumzike.

Unga wa kulevya ulipoingia kwetu uliingia bila uzinduzi, ndiyo maana serikali ilichelewa kuujua. Sisi tuliujua mapema. Vijana walianza kusinzia wamesimama, wameinama katikati ya njia, na sufuria zikaanza kupotea majumbani. Wazazi waliokuwa na mwana wa namna hiyo walisema amesafiri. Ukihesabu waliosafiri ungedhani Kiwambo ina bandari.

Hatimaye Waziri wa Ustawi na Utulivu, Mheshimiwa Dakta Kilongola, akaja kutupa mikakati.

"Ndugu wananchi," alisema, "dawa za kulevya ni adui. Adui hushindwa kwa mikakati. Mikakati ninayo."

Nikaomba makofi, yakaja.

Mkakati ulikuwa bendera nyeupe. Kata yoyote itakayothibitika kwamba haina mtumiaji hata mmoja itapandishiwa bendera nyeupe mbele ya ofisi yake, na itaitwa Kata Safi. Uthibitisho wenyewe ulikuwa rahisi, maana ulikuwa sherehe. Katika sherehe hiyo lazima asimame mtu mmoja wa kata hiyohiyo, aliyetumia unga, akaacha, atoe ushuhuda mbele ya Waziri. Akishuhudia, watu wakalia, bendera inapanda. Mtu mmoja akiacha na kusema, Waziri alieleza, ni dalili kwamba wote wameacha na kunyamaza.

"Hoja hiyo imefanyiwa utafiti," aliongeza, na hakuna aliyethubutu kuuliza na nani.

*

Kiwambo tulikuwa na mtu mmoja tu aliyekubali kusimama, naye ni Shaweji.

Shaweji alikuwa fundi makochi kabla unga haujamnyang'anya mikono. Alitumia kwa miaka, akauza vitambaa vya wateja, akauza mpaka sindano ndefu ya kushonea, kisha akaja kuangukia uani kwa Bi Tatu Mgaza. Huyu Bi Tatu ni muuza mihogo ya kukaanga. Alimzika mwanawe wa pekee aliyeuawa na unga, na tangu hapo hajamfukuza mtoto wa mtu. Uani kwake walikaa vijana waliotaka kuacha, wakimenya mihogo tangu alfajiri. Alisema mkono wenye kisu na muhogo hauna nafasi ya kutafuta kitu kingine.

Lakini hakuwa anawaponya kwa mihogo. Kila asubuhi aliwapanga mstari, akaenda nao mpaka zahanati ya kata, kwenye dirisha dogo la pembeni, ambako muuguzi aliwapa methadoni wakainywa mbele ya macho yake. Hiyo ni dawa inayoutuliza mwili usidai unga. Hunywewa kila siku. Siku ukiikosa mwili unaanza kudai, nao haudai kwa adabu: mafua, kutapika, baridi ya mifupa, maumivu mpaka kwenye kucha. Wenyewe wanaiita hali hiyo arosto. Shaweji alikunywa dawa yake bila kukosa, akarudiwa na mwili, akarudiwa na mdomo pia, maana alikuwa mtu wa maneno.

Siku ya sherehe yetu alipanda jukwaani amevaa fulana iliyoandikwa SAFI MPAKA NDANI. Fulana, mahema na soda vilitolewa na mfadhili wa kampeni, Bwana Sefu Mstarehe, mfanyabiashara. Biashara yake ni ipi sijui. Yeye mwenyewe akiulizwa husema ni mchanganyiko. Wakati wote wa hotuba aliketi kiti cha mbele, karibu na Waziri, akitikisa kichwa kwa uchungu kila unga ulipotajwa.

Shaweji aliongea vizuri. Alieleza alivyomwibia mama yake kanga siku ya msiba wa baba yake. Watu wakalia, Waziri akatoa leso, bendera ikapanda. Mimi nilifurahi, na nilifurahi kwa dhati, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesherehesha kitu cha kweli.

*

Basi kata nyingine nazo zikataka bendera.

Tatizo likawa lilelile, kwamba hakuna mtu wa kusimama. Kule nako wote walikuwa wamesafiri. Ndipo Afisa Mtendaji wa kata yetu, Bwana Tindwa, alipopata wazo ambalo aliliita ujirani mwema. Akamwazima Shaweji Kata ya Mji Mpya. Mji Mpya wakaapa kwamba ni mzaliwa wao. Wiki iliyofuata akaazimwa Bondeni, kisha Machimboni, na mimi nikaazimwa pamoja naye kwa sababu nilishajua mahali pa kuombea makofi.

Kila kata ilimpa jina. Mji Mpya alikuwa Hamduni, Bondeni alikuwa Petro. Tena kila kata ilitaka sifa ya kumponya. Kwa hiyo Mji Mpya aliacha unga kwa ajili ya mpira wa miguu, Bondeni aliacha kwa kwaya, na Machimboni aliacha kwa sababu diwani alimtazama kwa jicho la ulezi. Bi Tatu na dirisha la zahanati havikutajwa popote. Vilikuwa vya Kiwambo.

Kabla ya kupanda jukwaani Shaweji alikuwa ananivuta pembeni.

"Kaka, leo nimeacha wapi?"

"Leo uko Machimboni."

"Nilitumia muda gani?"

"Diwani amependekeza miaka saba."

"Saba mingi, kaka. Uzuri huu ningeupata wapi?"

Tulicheka. Lakini alikuwa anachoka, nilimwona. Kila jukwaa lilimtaka azitoe upya aibu zake zote, na mtu akirudiarudia aibu zake kila Jumamosi mbele ya mahema, hata kama analipwa soda, zinamrudia. Siku moja tukirudi aliniambia kwamba akishuka jukwaani mkono wake wa kushoto, aliokuwa akijichoma sindano, unamkumbuka yule mtu anayemsimulia. Nikamwambia amefanya vizuri, kama ninavyowaambia wote.

Huko wizarani walikuwa wanajumlisha. Hamduni ameacha, Petro ameacha, Shaweji ameacha. Ikaonekana nchi yetu inaponya watu kwa kasi ambayo dunia haijaiona. Mheshimiwa Dakta Kilongola akaalikwa ng'ambo kupokea tuzo, na aliporudi tulijipanga barabarani kumpokea. Shaweji alipangwa mbele, akiwakilisha waliopona wote. Hilo halikuwa uongo.

*

Dirisha la zahanati lilifungwa siku ya kawaida tu, bila hotuba.

Bi Tatu alifika na mstari wake akakuta mbao zimepigiliwa. Muuguzi akamwambia kwa sauti ya chini kwamba methadoni ni dawa ya watumiaji wa unga, na Kata Safi haina watumiaji, kwa hiyo dawa imepelekwa inakohitajika. Bi Tatu akawarudisha vijana uani, akawapa mihogo wamenye, kisha akaja ofisi ya kata. Nilikuwa pale najaribu betri za kipaza sauti.

"Shikamoo, Bi Tatu," alisema Tindwa.

"Marahaba, mwanangu. Dirisha limefungwa."

"Limefungwa kwa heri, mama. Huo ni ushindi."

"Vijana wangu wanakunywa nini kesho?"

"Vijana gani?"

"Hao wanaokumenyea mihogo unayokula hapo mezani."

Tindwa alitazama muhogo wake. Alikuwa ameshauma nusu.

"Mimi mama nakula muhogo," alisema. "Mtumiaji sijamwona. Kata Safi haina mtumiaji, na asiyekuwepo hapewi dawa. Nikisema yupo, nimemkanusha Mheshimiwa Waziri."

"Basi kishushe hicho kitambaa hapo nje, turudishiwe dawa."

"Mama yangu, hicho kitambaa kikishuka nami nashuka nacho. Nina watoto wanasoma."

"Na wangu wale?"

"Wako wako wapi? Si nimekwambia hawapo?"

Hakusema kwa ukatili. Tindwa si mkatili, ni mtu anayetaka kufika kwenye pensheni yake akiwa hai. Bi Tatu akamwambia amalizie muhogo wake usipoe, akatoka.

Alijaribu hospitali ya wilaya. Alipanda basi na vijana wote, akafika nao. Wengine waliambiwa warudi wakatibiwe kwao. Shaweji hakuhitaji hata kuulizwa anatoka wapi, kwa kuwa karani wa mapokezi alimtambua. Alikuwa amehudhuria sherehe ya Bondeni.

"Wewe si Petro?" alisema kwa furaha. "Ulishaacha wewe. Tulikupigia makofi mimi na mama watoto."

Shaweji akamweleza kwamba aliacha kweli, na kwamba anaacha kila siku kwa dawa hiyo, na leo hajaipata. Karani alisikitika. Alisema hawezi kumpa dawa mtu aliyepona, tena aliyepona kwa kwaya.

*

Kilele cha kampeni kikaangukia wiki hiyohiyo. Uwanja wa wilaya ulijaa. Kulikuwa na ngoma, gwaride la wanafunzi, mabango ya Waziri akiwa na tuzo. Watu wa kawaida walizungushiwa kamba, wakubwa walikaa chini ya hema. Bi Tatu alikuja na vijana wake akazuiwa kwenye kamba kwa sababu hakuvaa fulana ya kampeni.

Shaweji nilimkuta nyuma ya jukwaa amejikunja kwenye kreti za soda. Pua zilimtoka maji, alikuwa akipiga miayo bila kukoma na jasho limemlowesha, naye anatetemeka kwa baridi ya peke yake katika jua lile.

"Kaka," alisema, "leo sijaacha popote. Nenda kaniombee dawa."

Nilikwenda. Nilimweleza msaidizi wa Waziri kwamba mtoa ushuhuda anaumwa na anahitaji methadoni upesi. Msaidizi alitazama ratiba akasema ombi hilo ni zuri, linagusa, na kwamba nafasi yake ni palepale kwenye ushuhuda.

Basi nikamwita. Ningesema nini? Nikamwita kwa jina lake halisi, nalo lilikuwa jipya kwa wengi.

Shaweji alipanda akishikilia nguzo. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili na meno yake yakigongana yakasikika uwanja mzima.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "mimi naomba dawa. Dirisha letu limefungwa. Mwili wangu unauma. Sitaki kurudi kule. Naomba dawa, nipeni hata ya leo tu."

Kisha Waziri akasimama akaanza kupiga makofi, na watu wote wakasimama naye. Hawakuwahi kuona mtu akieleza mateso ya zamani kwa ufasaha kiasi kile. Mwanamke mmoja chini ya hema alizimia. Shaweji alirudia kwamba anaomba dawa, makofi yakazidi, akarudia tena mpaka sauti ikamkatika, akateremshwa nyuma ya jukwaa.

Mtu mmoja tu alimwelewa. Bwana Sefu Mstarehe hakupiga makofi. Alinyanyuka taratibu kwenye kiti chake cha mbele, akarekebisha koti, akazunguka nyuma ya jukwaa. Bi Tatu alimwona naye akaanza kuvuta kamba, akisukumana na askari, akiita jina la Shaweji. Askari walimwomba kwa heshima arudi nyuma kwa sababu hana fulana. Nami msaidizi wa Waziri alinigusa bega akaniambia, "Ratiba." Nikaita ngoma.

Shaweji walimkuta baada ya ngoma, amekufa katikati ya viti vya plastiki vya akiba. Mtu aliyekaa muda mrefu bila unga, akipewa kipimo chake cha zamani, mwili hauwezi tena. Hili Bi Tatu alinieleza baadaye, wakati hakukuwa na la kufanya. Hema lilikuwa limeshaanza kukunjwa.

*

Ikawa sasa ni kuzika.

Tindwa alisema kwa huruma kubwa kwamba Kata Safi haiwezi kuzika mtu aliyeuawa na unga, maana itabidi ieleze alikuwa anaishi wapi. Akapendekeza ujirani mwema. Nikatumwa Mji Mpya. Mwenyekiti wao alinipa pole, akasema wao walikuwa na Hamduni, na huyu anaitwa Shaweji. Bondeni walisema Petro wao ni Mkristo na yuko salama, wanamwombea. Machimboni hawakufungua mlango. Zile kata zote zilizoapa kwamba ni mtoto wao hazikuwa na hata shubiri moja ya kumlaza.

Tindwa akaona heri apunguze makali. Akasema azikwe Kiwambo, lakini kwenye wasifu wa marehemu niseme amefariki kwa homa ya ghafla. Kwetu, kabla ya jeneza kunyanyuliwa, mtu husimama akasoma maisha ya marehemu kwa ufupi, na kazi hiyo huwa yangu. Vipaza sauti vilifungwa uani kwa Bi Tatu, kimoja kikaelekezwa barabarani kwa ajili ya waliokosa nafasi.

Bi Tatu alinifuata pale nilipokuwa nimesimama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye uliyekuwa unamwita mbele za watu. Leo mwite mara moja kwa haki. Sema kilichomuua."

"Bi Tatu, nikisema nitaondolewa."

"Utaondolewa uende wapi? Si utakuja kumenya mihogo hapa na wenzako."

"Na kata itashushiwa bendera."

"Ndiyo nataka ishushwe. Ninao wengine humo ndani wanagaragara. Wewe unadhani nalilia maiti tu?"

Niliogopa. Nikawasha kipaza sauti nilichokishika maisha yangu yote. Tindwa alikuwa mstari wa mbele ananitazama kama mtu anayeomba. Nikasoma kuzaliwa kwa Shaweji, nikasoma kazi yake ya makochi, nikasema alikuwa na maneno mazuri. Kisha nikasema Shaweji ameuawa na unga, ndani ya Kata Safi, kwa sababu tulifunga dirisha la dawa tukapandisha kitambaa. Nikasema hakuna homa.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa sijawahi kusikia watu wa kwetu wakinyamaza namna ile baada ya mimi kuongea.

Ndipo Mama Hidaya, mke wa imamu wetu, akasimama upande wa wanawake.

"Wangu hajasafiri," alisema. "Yuko chumbani. Nimemfungia kwa kufuli."

Akakaa. Mwingine akasimama akasema wa kwake yuko stoo ya mkaa. Mwingine akasema ni binti, na ni mwalimu. Walisema polepole, kila mmoja kwa zamu, na kile kipaza cha barabarani kilikuwa kinabeba yote mpaka sokoni. Tindwa alijifunika uso kwa kofia yake. Hakunikataza. Nadhani naye alikuwa na mtu aliyesafiri.

*

Bendera ilishushwa kwa haraka ambayo vyoo vyetu havikuwahi kuipata. Mheshimiwa Dakta Kilongola alitangaza redioni kwamba Kata ya Kiwambo imelidhalilisha taifa, na kwamba kuanzia sasa itahesabiwa miongoni mwa kata chafu. Tindwa alihamishiwa mahali pasipo na ofisi. Bwana Sefu Mstarehe alipongezwa kwa uzalendo na ameahidi fulana za msimu ujao. Mimi nilinyang'anywa kipaza sauti, akapewa kijana anayepiga kelele kuliko mimi.

Na kwa kuwa kata chafu ina wagonjwa, taratibu zikafuata mkondo wake. Mbao ziling'olewa. Dirisha likafunguliwa, muuguzi akarudi, na juu ya dirisha wakapigilia bango jekundu lililoandikwa KATA ISIYO SAFI, kwa herufi ambazo unazisoma ukiwa bado njia panda. Lilikusudiwa kututia aibu.

Siku hizi naamka alfajiri namsaidia Bi Tatu kupanga mstari. Umekuwa mrefu. Wapo wa kwetu, na wapo wengi nisiowajua, waliofunika vichwa kwa kanga na kofia, wametoka Mji Mpya, Bondeni na Machimboni ambako bendera bado zinapepea na hakuna mgonjwa. Tunawapokea. Mara nyingi namtafuta Shaweji kwa macho kwenye mstari ule, kwa mazoea tu, halafu nakumbuka, na siku yangu inaharibika mapema.

Juzi alikuja mama mmoja amemshika mkono binti yake mkubwa, anayetetemeka. Walikuwa wametembea kutoka mbali, miguu yao imejaa vumbi. Alilitazama lile bango, akanigeukia.

"Samahani kaka, hii ndiyo ile kata chafu?"

"Ndiyo, dada," nikamwambia. "Ni hii."

"Alhamdulillahi," alisema, akamsogeza binti yake kwenye foleni.